Kesi ya kamba na kasa: Jinsi maendeleo endelevu yalivyoingia katika sheria ya biashara ya kimataifa

MAENDELEO endelevu ni dhana inayotajwa mara nyingi katika mikutano ya kimataifa na kufafanuliwa mara chache. Katika hotuba za viongozi huweza kubeba karibu kila maana. Katika sheria ya biashara ya kimataifa, hata hivyo, dhana hii ina kazi mahususi, na kazi hiyo ilidhihirika katika kesi iliyohusu kamba wa baharini, kasa na nyavu.

Kesi hiyo ilikatwa mwaka 1998 na Shirika la Biashara Duniani (WTO). Iliacha mafunzo mawili. Kwanza, taifa linaweza kuzuia bidhaa za kigeni kuingia katika soko lake kwa nia ya kuhifadhi mazingira. Pili, taifa hilo haliruhusiwi kuitumia haki hiyo kwa ubaguzi.

Kwa mkulima wa kahawa wa Nyeri au mvuvi wa Lamu, funzo hilo la pili si suala la vitabuni. Masharti ya mazingira yanayowekwa na masoko tajiri yanazidi kuongezeka, na kanuni ya kutobagua ndiyo ngao kuu ambayo nchi zinazoendelea zinayo kisheria.

CHIMBUKO LA DHANA

Maendeleo endelevu yalipata umaarufu mwaka 1987, wakati tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Waziri Mkuu wa Norway, Gro Harlem Brundtland, ilipochapisha ripoti yake. Tume hiyo iliyaeleza kuwa maendeleo yanayotosheleza mahitaji ya watu wa sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kujitosheleza. Mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 uliipa dhana hiyo uzito wa kisiasa. Aidha, azimio la mkutano huo lilionya dhidi ya nchi moja kujichukulia hatua peke yake kuhusu matatizo ya mazingira yaliyo nje ya mipaka yake.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko ripoti hiyo. Mwaka 1997, katika kesi ya Hungary na Slovakia kuhusu mabwawa ya Mto Danube, Jaji Christopher Weeramantry wa Sri Lanka, aliyekuwa makamu wa rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, aliandika maoni yake mwenyewe kando na hukumu. Alieleza kwamba jamii za kale zilijua kuendeleza ardhi na kuihifadhi kwa pamoja. Miongoni mwa mifano yake ilikuwa mifereji ya kunyunyizia mashamba maji ya Wachagga na Wasonjo wa Tanzania.

Sheria ya biashara ilichelewa kulipokea wazo hilo. Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara (GATT) wa mwaka 1947 ulitungwa wakati dunia ikijikwamua kutoka vitani, na dibaji yake ilihimiza rasilimali za dunia zitumiwe kikamilifu.

Mkataba wa Marrakesh, uliotiwa saini Aprili 15, 1994 na kuunda WTO kuanzia Januari 1, 1995, uliyabadilisha maneno hayo. Sasa rasilimali zilipaswa kutumiwa kwa njia iliyo bora kulingana na lengo la maendeleo endelevu, na mazingira kulindwa kwa kuzingatia kwamba nchi wanachama ziko katika viwango tofauti vya maendeleo.

Dibaji ya mkataba haitoi amri. Kazi yake ni kumwongoza anayetafsiri vifungu vinavyofuata. Miaka minne baadaye, mwongozo huo ulibadilisha mkondo wa kesi.

MLANGO NA BAWABU

Msingi wa sheria ya WTO ni usawa. Mwanachama hapaswi kuipendelea nchi moja na kuibagua nyingine, wala kuzikandamiza bidhaa za kigeni ili kuzinufaisha za kwake, wala kupiga marufuku uagizaji ovyo.

Hata hivyo, Ibara ya 20 ya GATT inafungua mlango. Kifungu (b) kinaruhusu hatua zilizo za lazima katika kulinda uhai na afya ya binadamu, wanyama na mimea. Kifungu (g) kinaruhusu hatua zinazohusu kuhifadhi maliasili zinazoweza kuisha, mradi nchi husika iwabane pia wazalishaji au watumiaji wake.

Mlango huo una bawabu. Maneno ya utangulizi wa ibara hiyo yanasema hatua yoyote isitekelezwe kwa ubaguzi wa kiholela au usio na sababu, wala isiwe kisingizio cha kuzuia biashara. Kwa hivyo mtihani una sehemu mbili: sheria yenyewe inalenga nini, na inatekelezwa vipi.

Kabla ya WTO kuundwa, mlango huo ulikuwa mwembamba. Mwaka 1991, jopo la GATT liliunga mkono Mexico dhidi ya Marekani, iliyokuwa imezuia samaki aina ya jodari waliovuliwa kwa nyavu zilizoua pomboo. Ripoti ya jopo hilo haikuidhinishwa, lakini wahifadhi wa mazingira waliona kwamba biashara imepewa nafasi ya kwanza.

CHANZO CHA MGOGORO

Kasa hupumua kwa mapafu. Anaponaswa katika wavu unaokokotwa na meli ya kuvua kamba, hushindwa kuibuka na kufa maji. Ili kumnusuru, wataalamu walibuni kifaa cha vyuma kinachofungwa ndani ya wavu. Kamba hupenya baina ya vyuma hivyo hadi mwisho wa wavu, ilhali kasa huzuiwa na kuelekezwa kwenye mwanya wa kutokea.

Marekani iliwalazimisha wavuvi wake kutumia kifaa hicho. Mwaka 1989, Bunge lake lilipitisha sheria iliyopiga marufuku kamba waliovuliwa kwa njia zinazohatarisha kasa, isipokuwa kutoka nchi zilizoidhinishwa na serikali ya Marekani.

Mwanzoni sheria hiyo ilitumika kwa nchi za Karibiani na Atlantiki ya magharibi pekee, nazo zikapewa miaka 3 ya kujiandaa. Mwishoni mwa mwaka 1995, mahakama ya Marekani iliamuru sheria itumike kote duniani kuanzia Mei 1, 1996. Nchi za Asia zikajikuta na takriban miezi 4.

India, Malaysia, Pakistan na Thailand ziliwasilisha malalamishi yao kwa WTO mwaka huo wa 1996. Hazikupinga kwamba kasa anafaa kulindwa. Zilichopinga ni taifa moja kutumia ukubwa wa soko lake kuyaamulia mataifa huru jinsi ya kuvua katika maji yao.

HUKUMU YENYE PANDE MBILI

Jopo la kwanza lilizipa nchi hizo ushindi Mei 1998, likisema hatua za aina hiyo zinatishia mfumo mzima wa biashara ya pamoja. Marekani ikakata rufaa.

Baraza la Rufaa lilitoa uamuzi wake Oktoba 12, 1998. Walalamishi walikuwa wamedai kwamba maliasili zinazoweza kuisha ni madini na vitu vingine visivyo na uhai, kwa kuwa viumbe huzaana. Baraza lilikataa hoja hiyo. Lilisema maneno yaliyoandikwa mwaka 1947 yasomwe kwa mwanga wa wasiwasi wa leo kuhusu mazingira, na likaitaja dibaji ya Marrakesh kama ushahidi kwamba wanachama wenyewe walikubali lengo la maendeleo endelevu. Kiumbe anayeweza kuzaana anaweza pia kuangamia. Spishi zote saba za kasa zilikuwa katika orodha ya viumbe walio hatarini zaidi chini ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyamapori.

Kwa hivyo sheria ya Marekani ilipita mlangoni. Ilipofika kwa bawabu, ikakwama.

Baraza lilitaja kasoro kadhaa. Marekani ilizitaka nchi zote zifuate mpango unaokaribia kufanana na wake bila kujali mazingira ya kila nchi. Kamba waliovuliwa kwa nyavu zenye kifaa kile kile walikataliwa kwa sababu tu nchi walikotoka haikuwa imeidhinishwa. Marekani ilijadiliana na majirani zake wa bara la Amerika na kufikia mkataba wa kulinda kasa, lakini haikufanya bidii kama hiyo kwa walalamishi. Muda wa kujiandaa haukuwa sawa. Fauka ya hayo, nchi zilizonyimwa idhini hazikupewa nafasi rasmi ya kujitetea wala sababu za maandishi.

Marekani ilishindwa, ila kwa sababu ya utekelezaji. Sheria yenyewe ilibaki. Mwaka 1999 ilirekebisha taratibu zake ili kukubali mbinu nyingine zinazofikia kiwango sawa cha kuwalinda kasa, na ikafanya mazungumzo na nchi za Bahari Hindi na kusini mashariki mwa Asia. Malaysia haikuridhika, ikarudi WTO. Oktoba 2001, Baraza la Rufaa lilisema kwamba Marekani sasa imetimiza masharti, maadamu inaendelea kutafuta makubaliano kwa nia njema.

Mazungumzo hayo yaligusa pwani ya Afrika Mashariki. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizotia saini mapatano ya kuhifadhi kasa wa Bahari Hindi na kusini mashariki mwa Asia. Kasa wa kijani na ng'amba hutaga mayai katika fuo za Kenya, zikiwemo za Lamu na Watamu. Aidha, uvuvi wa kamba kwa meli za kukokota nyavu umezua mvutano wa miaka mingi katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, ambako wavuvi wadogo walilalamikia kuharibiwa kwa nyavu na mazalia ya samaki. Uvuvi huo wa meli ulisimamishwa mwaka 2006.

TAIRI ZA BRAZIL

Kanuni hiyo haikuishia baharini. Brazil ilipiga marufuku uagizaji wa tairi kuukuu zilizotiwa mpira upya, kwa hoja kwamba huchakaa upesi na kurundikana jalalani, ambako maji ya mvua hutuama ndani yake na mbu wa homa ya dengi na malaria huzaana. Jumuiya ya Ulaya ilishtaki.

Desemba 2007, Baraza la Rufaa lilikubali kwamba marufuku hiyo ilikuwa ya lazima kwa afya ya umma. Lakini Brazil ilikuwa imewaruhusu majirani zake wa jumuiya ya Mercosur kuendelea kuiuzia tairi hizo. Mbu hatofautishi tairi ya jirani na ya mgeni, na ubaguzi huo haukuwa na uhusiano wowote na afya. Brazil ikashindwa kwa sababu ile ile iliyoiangusha Marekani.

KUTOKA KESI HADI MIKATABA

Katika miaka ya karibuni, maendeleo endelevu yametoka katika dibaji na kuingia katika masharti yenyewe. Mkataba wa WTO kuhusu Ruzuku za Uvuvi ulipitishwa Geneva mnamo Juni 17, 2022 na kuanza kutumika Septemba 15, 2025. Unapiga marufuku ruzuku kwa uvuvi haramu, kwa uvuvi wa samaki ambao tayari wamepungua kupita kiasi, na kwa uvuvi usiodhibitiwa katika bahari kuu. Suala gumu zaidi, la ruzuku zinazozidisha idadi na uwezo wa meli za mataifa makubwa, liliachwa kwa mazungumzo zaidi, na mkutano wa mawaziri wa Abu Dhabi wa mwaka 2024 haukuafikiana kulihusu.

Kenya nayo ilitia saini Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi na Umoja wa Ulaya jijini Nairobi mnamo Desemba 18, 2023, nao ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Mkataba huo una masharti kuhusu haki za wafanyakazi, mazingira na tabianchi.

Mtihani mwingine ni wa kahawa. Mwaka 2023, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine zilizotoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya Desemba 31, 2020. Sheria hiyo ilivyopitishwa ilimtaka mwagizaji aonyeshe mahali hasa lilipo shamba. Utekelezaji wake, uliopangwa kuanza mwishoni mwa mwaka 2024, uliahirishwa mara mbili.

Lengo la kulinda misitu halina ubishi. Lakini kahawa nyingi ya Kenya hutoka katika mashamba madogo, na hukusanywa na kuchanganywa katika viwanda vya vyama vya ushirika. Kupima kila shamba na kuweka rekodi zake kuna gharama. Gharama hiyo ikimwangukia mkulima ambaye hajawahi kukata msitu, swali la mwaka 1998 hurudi: lengo ni halali, je, utekelezaji ni wa haki?

MASWALI MATATU

Kutokana na kesi hizo, nchi inayowekewa sharti la mazingira inaweza kuuliza maswali matatu. Je, sharti hilo linahusiana kweli na maliasili inayodaiwa kulindwa? Je, nchi inayoliweka inawabana pia watu wake? Na je, waliowekewa walisikilizwa, wakapewa muda sawa na wengine na kuruhusiwa kutumia njia nyingine inayofikia lengo lilo hilo?

Shida ni pa kupeleka maswali hayo. Baraza la Rufaa lilikwama Desemba 2019 baada ya Marekani kuzuia uteuzi wa wanachama wapya. Tangu hapo, anayeshindwa mbele ya jopo aliweza kukata rufaa kwa baraza lisiloweza kuketi, na hukumu ikaning'inia bila kutekelezwa. Taifa kubwa linaweza kustahimili hali hiyo kwa kuwa lina soko la kutishia nalo. Kwa nchi ndogo, iliyokuwa ikitegemea hukumu badala ya vitisho, haki iliyothibitishwa mwaka 1998 imebaki kuwa hoja ya mezani, katika mazungumzo ambayo mwenye soko ndiye huketi akiwa na nguvu zaidi.