Likasi wakati wa baridi: nani aliruhusiwa kuingia ndani

Likasi iko kwenye nyanda za juu za Katanga, takriban mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai usiku wake hudai koti na blanketi nzito. Ukiulizwa pa kwenda penye paa wakati huo, mahali ambapo mtu atapata burudani na maarifa pamoja, la kwanza kutajwa ni makumbusho ya jiolojia ambayo kampuni ya Union Minière iliyapa majina ya wakubwa wake wawili, Edgar Sengier na Jules Cousin. Naunga mkono jibu hilo, lakini kwa sharti moja: mkazi wa Likasi aoneshwe humo kazi iliyoyatoa mawe ardhini, si mawe peke yake. Katika mji huu, kukaa ndani penye joto hakukuwa starehe ya kila mtu. Ilikuwa haki iliyogawiwa.

Wapo watakaosema baridi ya Likasi si kitu, kwa kuwa mchana jua huwaka na theluji haijulikani. Hoja hiyo inamtazama mpita njia. Wanaume walioandikishwa kutoka mbali kuja kuchimba shaba miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wengi wao kutoka sehemu zenye joto zaidi, waliugua na kufa makambini, na nimonia ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowamaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao kwa muda mrefu, ikiboresha nyumba na matibabu. Huruma ilikuwemo pengine, ila hesabu ilitangulia: kiwanda cha Shituru, kilichoanza mwaka 1929 kusafisha shaba kwa umeme, kilihitaji watu wenye ujuzi ambao hawafi wala kutoroka. Wakati huohuo mji, uliokuja kuitwa Jadotville kwa heshima ya Mbelgiji Jean Jadot, uligawanywa kwa rangi, na kumbi nzuri zilikuwa za Wazungu. Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa hapa na wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, walipogoma wakidai mshahara, walijibiwa kwa risasi.

Sasa tazama majina. Sengierite na cousinite ni madini ya urani ya Katanga yaliyoitwa kwa majina ya mabosi walewale. Katika mgodi wa Shinkolobwe, kama kilomita 20 kutoka mjini, yalitambuliwa curite na sklodowskite, kwa heshima ya Pierre Curie na Marie Skłodowska Curie. Mwaka 1940 Sengier alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya mgodi huo. Baadaye jeshi la Marekani liliyanunua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe. Waliobeba mawe hayo kwa mikono hawana hata kipande kimoja kinachoitwa kwa jina lao. Kibao chenye habari za mgomo wa 1941, kikiwekwa kando ya kabati la urani, kingeanza kulipa deni hilo.

Pingamizi la kwamba mji wenye shida ya maji na ajira haupaswi kugharimia makumbusho lina uzito, na sidai makumbusho yatangulie bomba. Lakini vitu vya thamani vya Likasi vilikwenda Ubelgiji na Marekani. Tukisubiri mpaka shida ziishe, hata vilivyobaki vitauzwa. Pingamizi zito zaidi kwangu ni la afya. Madini ya urani hutoa radoni, gesi isiyo na harufu, nayo hujikusanya katika chumba kilichofungwa, na baridi ndiyo inayowafanya watu wafunge madirisha. Kwa hiyo mawe hayo yatengwe katika kabati lenye bomba la kutolea hewa nje, mionzi ipimwe mara kwa mara, na watoto wa shule wasikalishwe karibu nayo. Malachite ya kijani, ambayo haina hatari hiyo, itoshe kupamba chumba watakachoketi.