Polisi na Mhusika Asiyekamatika: Matigari katika Historia ya Fasihi ya Kenya

Uhusiano wa fasihi na polisi nchini Kenya umejadiliwa zaidi kwa upande mmoja, ule wa askari anayemkamata mwandishi. Makala haya yanadhamiria kuchunguza upande wa pili, yaani jinsi sanaa ilivyomshtaki askari pale ambapo sheria haikumgusa.

Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwezi Novemba leseni ilifutwa. Mwaka ulipokuwa ukimalizika, Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ulibomolewa na polisi. Jukwaa huweza kubomolewa kwa kuwa lina mahali pake. Riwaya husafiri.

Matigari ma Njirũũngi ilichapishwa kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986, mwandishi akiwa uhamishoni. Shtaka lake dhidi ya polisi limebebwa na maisha ya Gũthera. Wakati wa ukoloni, afisa wa polisi anamtaka kimwili ndipo amwachilie babake. Anapokataa, baba anauawa. Baada ya uhuru, askari wawili wanamwandama kwa mbwa hadharani, umati ukitazama. Bendera imebadilika ilhali mazoea ya askari ni yale yale. Aidha, lawama inawaangukia watazamaji pia, hadi Matigari anapoingilia kati.

Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, fununu za mtu aliyezunguka nchini akiulizia ukweli na haki ziliwafikia watawala, ikaamriwa akamatwe. Ilipobainika kwamba Matigari ni mhusika wa kubuni, polisi waliziondoa nakala madukani mwaka 1987. Msako huo uliithibitisha riwaya: ndani yake, kuuliza ni kosa, nje yake, ikawa vivyo hivyo.

Sheria ilikuja nyuma sana. Katiba ya 2010 ilitaja bayana uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Sheria ya 2011 iliunda mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoharamisha kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba riwaya moja ilizaa mageuzi haya. Hata hivyo, katika miaka ambayo raia hakuwa na pa kumshtakia askari, Matigari iliendelea kuuliza swali ambalo mahakama zilikuwa bado hazijaulizwa.