Nairobi hadi Dar es Salaam kwa Ndege

Mtu asimamaye Matasia jioni, baina ya mji wa Ngong na Kiserian, akavipa kisogo vilima vya Ngong, huona taa za ndege zikishuka moja baada ya nyingine kuelekea Embakasi. Wenyeji wamezizoea, wala hawainui vichwa tena. Ndege mojawapo huenda imetoka Dar es Salaam, mji ulio mbali na Nairobi kwa kiasi cha kilomita 665, nayo imetumia muda wa saa moja na dakika chache tu angani. Mwendo kama huo kwa motokaa humchukua msafiri siku nzima na zaidi, akipitia Namanga, ambapo hana budi kushuka, kuonyesha pasipoti yake, na kungoja.

Mpaka wa Namanga ulikatwa Ulaya, kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, nao ukaigawa nchi ya Wamaasai vipande viwili. Rubani aendaye Dar es Salaam huuvuka mpaka huo huo mbele zaidi, akiisha kuuacha mlima Kilimanjaro mkono wa kuume. Hakuna kizuizi wala askari, naye akitazama chini haoni mstari wowote. Kwa hiyo wengi hudhani ya kwamba safari ya angani haina mpaka. Historia ya safari hii fupi yaonyesha vingine, na katika insha hii nataka kueleza jinsi safari hiyo ilivyopangwa zamani, ipangwavyo sasa, na jinsi ilivyopata kushindikana kabisa kwa muda wa zaidi ya miaka sita, ingawa ndege zilikuwapo na marubani walikuwapo.

Turudi kwanza mwaka 1929. Mwaka huo mjane mmoja mkaaji wa Kenya, Bibi Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi, akisaidiwa na rubani aliyeitwa Tom Campbell Black. Kampuni iliitwa Wilson Airways, nayo ilianza na ndege ya namna ya Gipsy Moth. Msomaji asidhani ilifanana na ndege za leo. Ilikuwa imeundwa kwa mbao na kitambaa, ina injini moja, na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, pasipo paa juu yake. Rubani alivaa koti nene na miwani ya upepo, na ramani aliiweka magotini.

Hebu tupange safari kwa ndege hiyo, kwa kuwa hesabu yake si ngumu. Gipsy Moth ilikwenda kilomita 137 hivi kwa saa, na tangi lake la petroli liliitosha kwa mwendo wa kilomita 515. Basi Dar es Salaam haikufikika kwa mruko mmoja. Mombasa, iliyo umbali wa kilomita 420 hivi, yaonekana kuwa karibu ya kutosha. Lakini rubani wa Afrika ya Mashariki hana budi kuuliza swali ambalo nahodha wa jahazi amekuwa akiuliza tangu kale: ni majira ya kaskazi au ya kusi? Kusi hutoka kusini-mashariki, yaani humpiga usoni mtu atokaye Nairobi kwenda pwani. Tuseme kusi inavuma kwa kilomita 35 kwa saa. Mwendo wa ndege juu ya ardhi utapungua, uwe kilomita 102 kwa saa. Petroli itakwisha baada ya saa tatu na dakika arobaini na tano, na kwa muda huo ndege itakuwa imekwenda kilomita 383 tu. Kilomita 37 zilizobaki ni nyika tupu. Ndiyo sababu rubani mwenye akili alipanga kutua Voi, akatia petroli, akala chakula, akaitazama injini yake, kisha akaendelea.

Voi yenyewe ina kumbukumbu ya huzuni. Tarehe 14 Mei, 1931, Mwingereza mmoja mwindaji, Denys Finch Hatton, aliruka kutoka hapo kwa Gipsy Moth yake ili arejee Nairobi kutoka pwani. Ndege ilianguka mara baada ya kupaa, ikawaka moto. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na hata leo wageni huenda kulitazama kaburi lake, lililo juu ya nchi ya Matasia na Kiserian. Wachache miongoni mwa wageni hao hujua ya kwamba ndani ya ndege ile alikufa pia mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya bwana. Juu ya mtumishi twajua jina lake na kifo chake, na machache mengine.

Mwaka ule ule wa 1931 kampuni ya Kiingereza ya Imperial Airways ilianza kuleta barua kutoka Uingereza hadi Ziwa Viktoria kwa ndege. Barua zikifika Kisumu zilihitaji njia ya kwenda mbele, na Wilson Airways wakaichukua kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndege zao zilikuwa zikipeleka barua na abiria wachache Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Huo ndio mwanzo wa safari yetu kuwa na saa na siku maalum. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, ndege za kampuni zilichukuliwa kwa kazi ya vita, na kampuni ikafa. Jina lake lingalipo: kiwanja chake cha Nairobi ndicho kiitwacho Wilson hata leo.

Baada ya vita serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilianzisha shirika moja la ndege la Afrika ya Mashariki, nalo lilianza kuruka tarehe 1 Januari, 1946, likiwa na ndege sita za Dragon Rapide. Ndege hizo zilikuwa na injini mbili, zikichukua abiria wanane hivi, na kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam zilihitaji muda wa saa tatu na kitu angani. Shirika likakua. Likapata Dakota, na mwaka 1960 likapata Comet, ndege zake za kwanza za jeti. Kwa miaka mingi marubani walikuwa Wazungu, na abiria Waafrika walikuwa wachache. Hata kiwanja kipya cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958, kilijengwa kwa jasho la watu waliotiwa kizuizini katika siku za Hali ya Hatari, ambao hawakujengewa wao. Walakini baada ya uhuru shirika hili likawa mali ya nchi tatu huru, na mtu wa Kampala, wa Nairobi na wa Dar es Salaam aliweza kuliita letu.

Sasa nieleze jinsi safari hii ipangwavyo siku hizi, maana jambo hili ni tamu kuliko wanafunzi wengi wadhanivyo.

Jambo la kwanza ni uzito. Embakasi ni mita 1,624 juu ya bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, hivyo mabawa na injini hupata nguvu kidogo, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kwa ajili hiyo njia ya kurukia ya Embakasi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne. Dar es Salaam iko karibu kabisa na usawa wa bahari, na hapo ndege hiyo hiyo, yenye mzigo ule ule, huinuka upesi zaidi. Mpangaji hujumlisha abiria, mizigo na mafuta, kisha hutazama joto la saa ile kabla ya kusema kwamba ndege yaweza kuondoka.

La pili ni mafuta. Mtu asiyejua hufikiri kwamba hutiwa mafuta ya kufikia Dar es Salaam, basi. Sivyo. Hutiwa mafuta ya safari, na ziada kidogo kwa makosa ya upepo, na tena mafuta ya kwenda kiwanja cha pili ikiwa cha kwanza kimefungwa kwa dhoruba au ajali, na baada ya hayo yote mafuta ya kuzunguka angani kwa nusu saa, ambayo haifai kuguswa ila kwa dharura. Unguja iko kilomita 75 tu kutoka Dar es Salaam, na kwa hiyo huonekana kuwa kiwanja cha pili kizuri. Lakini katika masika wingu moja zito laweza kuifunika miji yote miwili kwa pamoja. Hapo mpangaji mwangalifu huchagua Mombasa au Kilimanjaro, na kubeba mafuta zaidi, ingawa mafuta ni mzigo, na mzigo hula mafuta.

La tatu ni saa, nalo ni la kuchekesha kidogo. Abiria wa Matasia humwambia mkewe kwamba ndege yaondoka saa mbili asubuhi. Tikiti yake imeandikwa saa nane, kwa desturi ya Kizungu. Na katika karatasi ya rubani imeandikwa saa tano, kwa kuwa marubani wa dunia nzima hufuata saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Wote watatu wamesema kweli.

Hayo yote ni hesabu, na hesabu hujibika. Lakini liko jambo la nne lisilopimwa kwa rula. Tarehe 7 Desemba, 1944, wajumbe wa mataifa mengi walitia sahihi mkataba mjini Chicago, wakakiri kwamba kila nchi ndiyo mwenye anga iliyo juu ya ardhi yake. Ndege ya abiria ya nchi moja haina haki ya kufanya safari za kila siku kwenda nchi nyingine pasipo idhini ya nchi hiyo. Idhini ikiwapo, hakuna aikumbukaye. Isipokuwapo, uzito na mafuta na upepo havina maana.

Watu wa Afrika ya Mashariki walijifunza jambo hili mwaka 1977. Nchi tatu wanachama zilikuwa zikigombana juu ya fedha za shirika na juu ya mengine mengi; Kenya ilisema wenzake hawalipi madeni yao, na wenzake waliona kwamba Kenya yapata faida kuliko wao. Mwishoni mwa Januari ndege za shirika zilisimama. Tarehe 4 Februari Kenya ilianza kurusha ndege za shirika lake yenyewe. Mwezi huo huo Tanzania, chini ya Rais Nyerere, iliufunga mpaka. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa Tanzania zilizuiwa. Namanga, iliyokuwa na shughuli nyingi mchana na usiku, ikanyamaza.

Kilomita zilikuwa zile zile 665. Lakini mtu aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa ndege ilimpasa apitie nchi ya tatu. Kama angepitia Addis Ababa, kwa mfano, angeruka kiasi cha kilomita 2,900, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wa haki, akielekea kwanza kaskazini ili apate kufika kusini. Jamaa waliooana pande mbili za mpaka, wafanya biashara, na wanafunzi waliosoma ng'ambo ya pili, wote walikatwa. Hali hiyo ilidumu hata Novemba 1983, mpaka ulipofunguliwa tena. Mali ya shirika la zamani na ya jumuiya nzima iligawanywa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei 1984, baada ya Mswisi mmoja, Victor Umbricht, kusuluhisha kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu gharama kubwa kuliko zote haimo katika hesabu alizozifanya, kwa kuwa hakuna mtu aliyeandika daftari la safari ambazo hazikufanyika.

Jumuiya mpya ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi mwaka 2000, na ndege za Nairobi na Dar es Salaam zikawa jambo la kila siku. Hata hivyo idhini imetikiswa tena. Mnamo Agosti 2020, katika siku za ugonjwa wa korona, Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia pasipo kukaa karantini, na Tanzania ikaizuia Kenya Airways kutua. Zuio hilo liliondolewa katikati ya Septemba. Tarehe 15 Januari, 2024, Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways zisingeruhusiwa tena baina ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima ndege ya mizigo ya Air Tanzania haki ya kuchukua mizigo Nairobi na kuipeleka nchi nyingine. Mawaziri wa pande mbili walizungumza, na siku ya pili yake neno lile likaondolewa.

Tarehe 22 ilipofika, ndege zilikwenda na kurudi kama kawaida. Wapangaji wa Embakasi walikuwa wamerudia kazi yao ya kutazama joto na upepo wa pwani, ambao katika Januari ni kaskazi.