Malindi: Kiti Kisichokaliwa Mara Mbili

Tangu uchaguzi wa 2002, hakuna mbunge wa Malindi aliyerudishwa bungeni na jimbo hilo kwa muhula wa pili. Mmoja aliteuliwa waziri kabla ya muhula kwisha, mwingine alihamia jimbo jirani, mwingine akakiacha kiti akiwania ugavana. Chama, hata hivyo, hakijabadilika: kuanzia 2007 kila aliyeshinda hapa ameshinda kwa tiketi ya ODM. Wanaohama ni wabunge. Wapiga kura wamebaki palepale.

Malindi ni mojawapo ya majimbo saba ya Kaunti ya Kilifi, na lina wadi tano. Shella na Malindi Mjini ziko upande wa pwani, penye misikiti ya kale, wavuvi, hoteli na Waitaliano wa Casuarina. Ganda, Kakuyuni na Jilore ndiyo mashambani, kwa Wagiriama wa minazi, mikorosho na mahindi, na huko wengi wanalima ardhi wasiyo na hati yake. Kiini cha tatizo ni sheria ya ardhi ya 1908. Serikali ya kikoloni iliwataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wajitokeze kuandikisha madai yao. Wamijikenda wengi, Wagiriama wakiwemo, hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Ndiyo maana ni nadra kumsikia mgombea akihutubia Ganda bila kutaja maskwota na hatimiliki.

Siasa za kura zilianza Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Haikuwa kura ya kila mtu: ilikupasa uwe na elimu, mali au utumishi fulani, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Ronald Ngala, mwalimu kutoka Kilifi, alishinda kiti cha Pwani. Baadaye akawa kiongozi wa KADU, chama kilichotaka serikali za majimbo, wakati ambapo mijini Mombasa na Malindi wapo waliotaka Mwambao ujitawale wenyewe. Yote mawili yalizimika upesi. Mkataba wa Oktoba 1963 uliutia ukanda wa Sultani ndani ya Kenya, na mwezi Novemba 1964 KADU ikajivunja na kuingia KANU.

Miaka ya chama kimoja haina mengi ya kusimulia, isipokuwa mlolongo wa 1988: wanachama walijipanga nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa mbunge bila kura ya siri. Vyama vingi viliporudi, KANU iliendelea kutamba hapa, na miaka ya 1990 Malindi iliwakilishwa na Abubakar Badawy. Mwaka 2002, KANU ilipong'olewa mamlakani, kiti kikaenda kwa Lucas Maitha. Tangu hapo majina yote ya wabunge wa Malindi yamekuwa ya Kimijikenda, jambo ambalo mjini halisemwi sana kwa sauti lakini kila mwanasiasa analipigia hesabu.

Gideon Mung'aro aliingia 2007 kwa wimbi la chungwa, nembo ya ODM. Mwaka 2013 alivuka hadi Kilifi Kaskazini, jimbo jipya, akashinda huko na kuwa kiranja wa walio wachache bungeni. Kisha akaegemea Jubilee, iliyokuwa ikitawala, akawania ugavana kwa tiketi yake 2017 na kuangushwa na Amason Kingi. Mwaka 2022 alirudi ODM, akawa gavana. Huo ndio mzunguko wa siasa za Kilifi ukiutazama kwa mtu mmoja.

Aliyemrithi Malindi, Dan Kazungu, hakuhitaji kuhama. Mwishoni mwa 2015 Rais Uhuru Kenyatta alimteua Waziri wa Madini, kiti kikabaki wazi. Wengi walisoma uteuzi ule kama mtego kwa Raila Odinga, kiongozi wa ODM wakati huo: Jubilee ikitwaa Malindi, itakuwa imetoboa ngome ya ODM Pwani, mwaka mmoja na ushei kabla ya uchaguzi mkuu. Vigogo wa pande zote mbili wakateremka. Kwa majuma kadhaa mji uliozoea kuamshwa na watalii uliamshwa na vipaza sauti.

Kura ilipigwa Machi 7, 2016. Willy Mtengo wa ODM alipata kura 15,582, Philip Charo wa Jubilee 9,243. Siku chache baadaye magavana Hassan Joho wa Mombasa na Kingi wa Kilifi, waliompigania Mtengo kwa nguvu, wakanyang'anywa walinzi wao. Nani angekisia kwamba Agosti 2024 Joho huyohuyo angekabidhiwa Wizara ya Madini, ileile iliyomtoa Kazungu Malindi?

Mtengo alikaa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu. Mwaka 2017 tiketi na kiti vikachukuliwa na Aisha Jumwa, aliyekuwa Mwakilishi wa Kike wa kaunti. Naye hakukawia kumfuata William Ruto, Naibu Rais wakati huo, na ODM ikajaribu kumfukuza. Oktoba 2019 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa wadi ya Ganda, ndani ya jimbo lake. Mbunge alikuwa upande mmoja, chama kilichompeleka bungeni upande wa pili, ODM ikashinda. Kwangu mimi jibu la Ganda lina uzito kuliko hata lile la 2016, maana safari hii aliyekataliwa hakuwa mgeni kutoka Nairobi.

Jumwa aliwania ugavana 2022 kwa UDA, chama cha Ruto, akashindwa na Mung'aro, ingawa Ruto, aliyeshinda urais, alimfanya waziri muda mfupi baadaye. Malindi ikamchagua Amina Mnyazi wa ODM, mwanamke wa pili mfululizo.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Mnyazi akitetea kiti na kushinda, atakuwa mbunge wa kwanza wa Malindi tangu 2002 kupewa muhula wa pili.