Kutoka Faibrinojeni hadi Peptidi ya Kutengenezwa: Historia ya Kupima Vimeng'enya vya Vimelea vya Malale na Nagana Afrika Mashariki

Mwaka 1922 mlipuko wa malale uligunduliwa Maswa, mashariki ya Mwanza. Meatu, ambayo makao makuu yake ni Mwanhuzi, ilikuwa wakati huo sehemu ya Maswa. H. L. Duke alichunguza vimelea na C. F. M. Swynnerton akachunguza mbung'o. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1923, na mwaka huohuo spishi mpya ya mbung'o ikaitwa Glossina swynnertoni. Udhibiti uliofuata Usukumani ulielekezwa kwenye makazi ya mdudu, yaani kufyeka na kuchoma vichaka. Kimelea chenyewe kilijulikana kwa hadubini tu, kikionekana kama umbo linalojipinda katikati ya seli za damu. Namna kinavyomdhoofisha mtu au ng'ombe ilibaki bila kipimo kwa zaidi ya nusu karne. Insha hii inadai kwamba pengo hilo halikuzibwa na ugunduzi wa kimelea kipya wala dawa mpya, bali na mabadiliko ya kitu kidogo mno: dutu anayopewa kimeng'enya ili aikate.

Proteasi ni kimeng'enya kinachokata protini. Njia ya zamani ya kukipima ilikuwa kukipa protini nzima, kama gelatini au kasini ya maziwa, kisha kuangalia kiasi kilichomeng'enywa. Udhaifu wake ni wa msingi. Protini moja ina viungo vingi vinavyoweza kukatwa, na katika rojo la seli zilizosagwa kuna vikataji vingi, hivyo mpimaji huona uharibifu bila kumjua mharibifu. Njia ya kutokea ilianza mwaka 1932, Max Bergmann na Leonidas Zervas walipobuni namna ya kuikinga asidi amino kwa muda wakati wa kuiunganisha na nyingine. Baadaye, huko New York, Bergmann na Joseph Fruton walionyesha kwamba hata pepsini hukata peptidi ndogo iliyotengenezwa na mkemia. Mwaka 1961 Erlanger na wenzake waliiambatanisha arginini na paranitroanilini, ambayo ikiachiliwa huwa ya manjano. Katika miaka ya 1970 rangi hiyo ilipata mshindani, kumarini yenye kundi la amino, inayong'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno mara tu inapotenganishwa na peptidi. Kiasi kidogo sana cha kimeng'enya kikaweza kupimwa, dakika kwa dakika.

Mbinu hizi zilikutana na trypanosoma mjini Nairobi, katika maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, iliyoanzishwa mwaka 1973. Mfuatano wa machapisho yake unafundisha mengi. Mwaka 1986 John Lonsdale-Eccles na G. W. N. Mpimbaza walizitenganisha proteasi za trypanosoma kwa umeme katika jeli iliyochanganywa na faibrinojeni, protini ya damu; palipokatwa pakabaki peupe baada ya jeli kutiwa rangi. Mwaka uliofuata Lonsdale-Eccles na Dennis Grab waligeukia peptidi zenye kumarini, na picha ikagawanyika. Shughuli moja ilikuwa ndani ya laisosomu na ilifanana na ile ya kathepsini L ya wanyama. Nyingine ilikuwa nje ya laisosomu, na ilipenda kukata baada ya arginini.

Hii ya pili, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa oligopeptidasi B, ndiyo inayoonyesha uzito wa suala. Mahali pake pa kukatia pamejificha ndani kiasi kwamba protini kubwa haipenyi. Mtafiti ambaye angeendelea na gelatini na faibrinojeni pekee angeweza kufanya kazi maisha yake yote bila kuiona. Kwa sababu hiyohiyo vizuizi vikubwa vya proteasi vilivyomo katika damu ya mnyama haviikamati.

Hata hivyo peptidi ya kutengenezwa nayo hupotosha, na si haki kuisifu bila sharti. Ile iliyotumika zaidi, yenye fenilalanini na arginini, hukatwa na vimeng'enya vyote viwili. Mng'ao wa buluu peke yake hautaji jina la mkataji. Ilibidi kizuizi E-64, kinachozima proteasi za sisteini, kitumike sambamba, na hali ya asidi ya mchanganyiko ibadilishwe. Tasnifu zinazoripoti mng'ao bila vizuizi, na zipo, zimepima jumla tu.

Kwa mfugaji, kimelea kilichokuwa na uzito zaidi ni Trypanosoma congolense. Proteasi yake ya sisteini ilielezwa na Zipporah Mbawa na wenzake mwaka 1992, na baadaye ikajulikana kama kongopaini. Katika miaka hiyohiyo Edith Authié alionyesha kuwa ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi, wanaoistahimili nagana, hutengeneza kingamwili dhidi yake kwa nguvu kuliko Boran. Wazo la kuchanja dhidi ya kimeng'enya badala ya kimelea lilitokana na hapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalikuwa ya nusu kwa nusu: ng'ombe waliochanjwa waliambukizwa kama wengine na damu ikapungua mwanzoni, lakini uzito wao haukushuka, na baada ya miezi miwili mitatu damu ilielekea kurudi.