Mtoto Atasoma Wapi? Watu wa Uvira na Shule za Ng'ambo ya Ziwa

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika juu ya mahari, matanga na uvuvi wa ndagala. Sisi tumechagua jambo ambalo wengi hawaliiti mila, ingawa limefanyika katika nyumba nyingi za mwambao wetu kwa vizazi kadhaa: wazazi wamehamia inchi nyingine, mizigo haijafunguliwa, na tayari watu wanaulizana, mtoto atasoma wapi?

Kwetu swali hilo halikuwa la baba peke yake. Kwa Wabembe mambo mazito ya ukoo yalipelekwa lubungani, wanaume wakakaa na kusema mpaka jua likazama. Kwa Wavira na Wafuliiru pia mjomba alikuwa na neno, na shangazi mwenye nyumba ng'ambo alikuwa na neno kubwa zaidi, kwa sababu ndiye atakayemlisha mtoto. Ukweli ni kwamba mara nyingi akina mama ndio waliokata shauri kabla wanaume hawajaketi. Wao walijua nani ana chumba, nani ana moyo, na nani atamfanya mtoto kuwa mtumishi wa nyumba akisingizia masomo.

Watoto wa kwanza kuingia shule za Wazungu kwenye mwambao huu hawakuchaguliwa na wazazi wala ukoo. Walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, waliwakusanya katika misheni zao, kama ile ya Kibanga iliyoanzishwa mwaka 1883 upande wa Ubwari. Baadaye, wakati wa Wabeljiji, kuchagua shule kulikuwa sawa na kuchagua dini. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya koloni ilitoa ruzuku kwa misheni za Kikatoliki, na Waprotestanti wakangoja hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Waislamu wa Uvira na Baraka hawakuwa na shule yao iliyotambuliwa na Leta. Aliyetaka mtoto apate chuo cha Kurani na elimu ya dini alitazama Ujiji, au mitaa ya Waswahili kule Usumbura. Kwa hiyo kuvuka maji kwa ajili ya masomo si jambo lililoletwa na vita.

Usumbura wenyewe, ambao leo ni Bujumbura, haukuhesabiwa kuwa ugenini. Kwa sheria ya mwaka 1925 Ubeljiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo katika utawala mmoja, na kutoka Uvira hadi pale ni mwendo mfupi wa barabara kupita Kavimvira na Gatumba. Mpaka ulipata uzito baada ya uhuru: Kongo tarehe 30 Juni 1960, Burundi tarehe 1 Julai 1962. Hata hivyo familia ziliendelea kugawana watoto, mmoja anasoma Uvira, mwingine anakaa Buyenzi au Bwiza kwa ndugu. Kifaransa kilikuwa cha pande zote mbili, kwa hiyo biletini ya upande huu ilisomeka upande ule. Palipogoma ni Kirundi, kwa maana shule za Burundi huanza na lugha hiyo katika miaka ya chini. Mtoto wa Kinyamulenge alikizoea upesi, mtoto wa Kibembe alikuwa kama amepelekwa Ulaya. Ndiyo maana wazazi wengi walipenda kungoja mtoto apite miaka ile ya mwanzo nyumbani, ndipo avuke.

Upande wa Kigoma habari ni tofauti, na hapo tutakaa zaidi.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulipofika Uvira na Fizi, na mapigano yakaendelea mwaka 1965, watu walipanda mitumbwi wakavuka. Wengi hawakwenda kambini. Walifikia kwa wavuvi na wafanyabiashara wa kwao waliokuwa wamekwisha kujenga Ujiji, Kigoma na vijiji vya pwani. Watoto wao waliingia shule iliyokuwa karibu, basi. Wakati ule Tanzania ilikuwa inabadili shule zake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Mtoto wa Fizi alikaa darasani akasikia lugha anayoijua, ingawa walimcheka kwa namna yake ya kuisema. Alisema "kalasi", wenzake wakasema "darasa". Alisema "batoto", mwalimu akamsahihisha. Baada ya miaka miwili au mitatu hakuna aliyemtofautisha. Wazazi wale walichagua kukaa, hata kama midomoni mwao walisema watarudi kesho. Wajukuu wao leo ni watu wa Kigoma.

Jambo kama hilo, na kubwa zaidi, liliwatokea Warundi waliokimbia mwaka 1972. Tanzania iliwapa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wakasoma kwa mtaala wa Tanzania. Zaidi ya watu 160,000 kati yao na wazao wao walipewa uraia, jambo lililokamilika mwaka 2014. Wale waliorudi Burundi walikuta shule za Kifaransa na watoto wao wakiwa na Kiswahili na Kiingereza kidogo. Kijana wa sekondari alionekana kama mtu asiyesoma kabisa. Tunaomba msomaji alishike jambo hilo, maana miaka ya 1990 serikali na mashirika walikuwa na mfano huo mbele ya macho.

Vita vya 1996 vilipoanza na Uvira ikaanguka mwishoni mwa Oktoba, mwambao wote ulihama tena. Safari hii wengi walipelekwa kambini: Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, halafu Lugufu mwaka uliofuata. Tanzania haikuwa tena ile ya mwaka 1965. Ilikuwa imebeba wakimbizi wa Burundi na Rwanda kwa malaki, na ilitaka warudi kwao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwafunga watu ndani ya kambi, na kutoka zaidi ya kilomita 4 kukahitaji kibali. Katika shule siasa ikawa hiyohiyo: mtoto asome programu ya inchi yake, apate kurudi. Basi katikati ya pori la Kigoma, mahali ambapo muuza duka, polisi na mganga wote wanasema Kiswahili, watoto wa Uvira na Fizi walikaa wakikariri vitenzi vya Kifaransa.

Tusiseme kwamba wazazi walilazimishwa tu. Wengi waliitaka shule ile kwa nguvu. Walimu waliokimbia pamoja nao ndio waliozianzisha, wengine wakifundisha chini ya mti kabla ya hema la kwanza kusimamishwa. Kwa mzazi wa wakati ule, diplomu ya Leta ilikuwa ndiyo mlango wa kazi Kongo, na mtihani wake ulihitaji wakaguzi na karatasi kutoka Kongo. Shule ya Tanzania ingempa mtoto miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari kwa Kiingereza. Shule ya Kongo wakati ule ilikuwa miaka 6 na 6, Kiswahili mwanzoni, Kifaransa baadaye. Hata kalenda hazikupatana: Kongo huanza Septemba, Tanzania Januari. Mtoto aliyekimbia Oktoba alikuwa ameanza mwaka wake juzi tu, na Watanzania walikuwa wanafunga wao. Akiingia Januari, amepoteza; akirudi Kongo, anapoteza tena.

Lakini kulikuwa na wazazi wengine waliohesabu namna yao. Walisema: tumekuja, hatujui mwisho, na inchi hii ndiyo inayotulisha, mtoto asome Kiingereza. Wachache wenye ndugu Kigoma au Ujiji waliwapitisha watoto kimyakimya, wakaandikwa kwa jina la mjomba. Kambini watu waliwasema vibaya, eti wameuza watoto. Sisi hatuoni hivyo. Kila upande ulikuwa unajibu swali moja lililofichwa ndani ya lile la shule: tunarudi au haturudi? Na hakuna aliyekuwa na jibu, si mkuu wa kambi, si shirika, si mzee wa ukoo.

Wale wa kwanza walirudi upesi. Mwaka 1997 meli ya Liemba, ileile iliyojengwa na Wajerumani, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira ikirudisha watu zaidi ya 75,000. Mwaka uliofuata vita vya pili vikaanza, na baada ya mauaji ya Makobola ya mwisho wa Desemba 1998 wengi walivuka tena. Kuna watoto waliobadili shule mara nne bila kubadili darasa. Kuanzia mwaka 2005 meli zikaanza tena kuwarudisha watu, safari hii Baraka, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009, waliobaki wakapelekwa Nyarugusu.

Hapo ndipo siasa ya programu ya Kongo ilipojaribiwa kweli. Mtoto aliyeshuka Baraka na biletini ya kambini aliketi katika mwaka wake, akaendelea. Huo ni ushindi, tusiunyime sifa. Aliyesoma upande wa Tanzania alirudishwa nyuma miaka miwili au mitatu kwa ajili ya Kifaransa, na kijana wa miaka 15 hakubali kukaa na watoto wa miaka 10; anachukua nyavu anaenda ziwani. Ila shule yenyewe waliyoikuta ilikuwa na mlango wa pesa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Leta iliposhindwa kulipa walimu, wazazi walikuwa wanalipa primu kila mwezi, na shule ya msingi haikutangazwa bure kwa vitendo hadi Septemba 2019. Kambini hawakuwa wamezoea kulipa primu ya namna hiyo. Kumbe mtoto aliyeandaliwa kwa lugha na kwa programu alikwama mlangoni kwa kukosa franga.

Mwaka 2015 mambo yaligeuka. Warundi walikimbia inchi yao na wengine wakapokewa kwetu, Lusenda, katika Fizi. Safari hii sisi ndio tuliokuwa wenyeji, na watoto wao waliingia programu ya Kongo. Mazungumzo tuliyoyajua Nyarugusu yakarudi kwa Kirundi: mtoto atapotea, mtoto atasahau, heri Kifaransa maana tukirudi kitafaa. Kwa wao Kifaransa kilikuwa daraja. Kiswahili ndicho kilichowapa taabu miezi ya kwanza, hasa wale wa bara. Wale wa Bujumbura walicheka tu.

Tumalize na waliokwenda mbali. Katika miaka ya 2010 Marekani iliwapokea Wakongo wengi kutoka kambi za Afrika Mashariki, Nyarugusu ikiwemo. Huko mzazi wa kwetu alikuta kuchagua shule ni jambo la ajabu kidogo: katika miji mingi, anuani ya nyumba ndiyo inayochagua, na nyumba ya kwanza ilichaguliwa na shirika kabla ndege haijatua. Halafu mtoto huwekwa darasa kwa umri wake. Kijana wa miaka 16 aliyeishia mwaka wa sita wa msingi kambini anaketi sekondari, na ana miaka michache tu kabla hajahesabiwa kuwa mtu mzima. Sheria inamsaidia kiasi: tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1974 katika kesi ya Lau v. Nichols, shule haziruhusiwi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza akae tu bila msaada. Lakini Kifaransa alichokipigania miaka 12 katika pori la Kasulu hakina wa kukiuliza pale. Waliopelekwa Quebec, Kanada, walicheka mwisho: kule sheria ya mwaka 1977 inawataka watoto wa wahamiaji wasome kwa Kifaransa, na yule aliyeambiwa kambini kwamba anapoteza muda akawa mbele ya wenzake wa kutoka inchi nyingine.

Februari 2025 makumi ya maelfu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengi wakalala katika uwanja wa Rugombo, Cibitoke, kabla ya kupelekwa Musenyi. Desemba mwaka uleule, waasi wa M23 walipoingia Uvira tarehe 10, watu walivuka tena. Mwaka wa masomo ulikuwa na miezi mitatu. Waliokuwa na nafasi ya kubeba kitu walibeba biletini ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na hati za kuzaliwa. Na jioni, kwenye foleni ya maji, mazungumzo ya akina mama yalikuwa yaleyale: je, mtoto aingie shule ya hapa aanze na Kirundi, au akae na mwalimu wetu chini ya mti, aendelee na kalasi yake?