Takrima: Mgeni Aliyewakirimu Wenyeji

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani kwa nini mgombea ubunge alazimishwe kutunza hesabu za mafuta ya gari na kodi ya vipaza sauti ilhali fedha ni zake mwenyewe. Swali hilo halijibiki kwa kusoma Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 peke yake.

Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja Tanzania Bara, wagombea wawili wa TANU walishindana katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Chama ndicho kilichoandaa mikutano, na wagombea wakasimama jukwaa moja. Sipendi kuupamba mfumo ule, kwa kuwa chama hichohicho ndicho kilichoamua nani apande jukwaani. Hata hivyo, aliyepanda hakushindwa kwa sababu ya mfuko mwembamba. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikuwa miongoni mwa vigogo walioangushwa.

Vyama vingi vilirejea mwaka 1992, na ushindani ukaja na gharama zake. Sheria ya Uchaguzi ilikuwa ikikataza kuwalisha na kuwanywesha wapiga kura ili kuwashawishi. Ndipo marekebisho ya mwaka 2000 yalipofungua mlango wa nyuma: jambo lililofanywa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, halikuhesabiwa tena kuwa kosa. Hiyo ndiyo takrima.

Neno lenyewe lilitumiwa kinyume. Takrima ni heshima anayopewa mgeni, na kwa mila zetu mwenyeji ndiye humkirimu anayebisha hodi. Katika kampeni, mgeni aliyefika na msafara wa magari ndiye aliyewapikia wenyeji pilau, akaita mila. Na kwa kuwa tofauti kati ya rushwa na ukarimu iliwekwa kwenye nia, ni hakimu gani angeipima? Nia haina stakabadhi. (Katika miaka hiyohiyo, mlalamikaji wa matokeo alitakiwa kuweka mahakamani dhamana ya shilingi milioni 5, hadi Mahakama ya Rufani ilipolibatilisha sharti hilo mwaka 2002 katika shauri la Ndyanabo. Asiye na fedha alifungiwa milango miwili.)

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu vya takrima vikatangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Hoja iliyonivutia zaidi ni ya usawa: takrima ilimbagua mgombea asiye na kipato cha kukirimu. Jibu la mwanafunzi wangu limo humo. Fedha ni za mgombea, lakini nafasi ya kugombea ni ya raia wote.

Sheria ya mwaka 2010, iliyosainiwa na Rais Kikwete mwezi Machi, iliigeuza hoja hiyo kuwa daftari la hesabu. Mgombea hutakiwa kutaja fedha alizonazo na anazotarajia kupata, kutovuka kiwango kinachowekwa na waziri, na kutoa hesabu ya matumizi yake baada ya uchaguzi. Muhimu zaidi, sheria iliingia hadi kwenye mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, ambako katika majimbo mengi ndiko mshindi hupatikana hasa. Msimamizi wake ni Msajili wa Vyama vya Siasa, mteule wa Rais, naye husoma kile alichoandikiwa.

Asichoandikiwa ni kingi. Jezi, mabati na madawati yaliyotolewa miaka mitatu kabla ya kampeni hayamo katika hesabu hizo. Tena, mwaka mmoja tu kabla ya sheria hii, Bunge lilikuwa limepitisha Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo: fedha za umma, na mwenyekiti wa kamati inayozigawa ni mbunge aliye madarakani.